LibreCAD na FreeCAD: programu mbili za bure kwa fundi anayeanza kuchora kwa kompyuta

Karibuni watazamaji, mlioko Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea na kwingineko. Leo tunachambua programu mbili za kuchora ambazo fundi grili, fundi seremala au kijana aliye VETA anaweza kuzipakua bila kulipa hata shilingi: LibreCAD na FreeCAD. Zote mbili zikishaingia kwenye mashine hazikuulizi bando. Kwa huku kwetu hilo lina uzito kuliko urembo wa vitufe.

Najua swali linalokuja: kwa nini si AutoCAD, ile programu maarufu ya kulipia? Leseni yake kamili ni karibu dola 2,000 za Marekani kwa mwaka, na mwaka ukiisha unalipa tena. Mwanafunzi wa chuo kinachotambulika anaweza kuomba ya masomo bure, lakini hiyo si ya kazi za kulipwa. Zile nakala zilizovunjwa leseni zinazozunguka kwenye fleshi, achana nazo. Mara nyingi zinakuja na virusi, na hata ikifunguka huna haki ya kuitumia. Fusion, programu nyingine ya kuchora, leseni yake ya matumizi binafsi ni nzuri kweli, ila inakubana kwenye faili 10 tu za kuhariri kwa wakati mmoja na haitaki uitumie ukiwa na kipato cha maana kutokana nayo. Onshape, nyingine tena, ya bure inafanya kazi kwenye intaneti tu, na mchoro wako unaonekana na dunia nzima. Mteja wako akijua, sijui utamwambia nini.

Tuanze na LibreCAD. Hii ni ya michoro bapa, yaani urefu na upana, basi. Ni nyepesi, makumi ya MB tu, na laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4 inaiendesha vizuri. Kwa dirisha la grili, geti au kabati, inatosha kabisa.

Kabla hujachora mstari wowote, ingia kwenye mipangilio ya mchoro, weka kipimo kiwe milimita. Ukiruka hapo, namba zako zinaweza kusomwa kama inchi faili likifunguliwa kwenye mashine nyingine, na inchi moja ni milimita 25.4. Hesabu mwenyewe geti litakuwa na ukubwa gani.

Sasa tuchore dirisha la 1200 kwa 1200. Chagua mstari, kisha andika kwenye sehemu ya amri: 0,0 halafu Enter. Kisha @1200,0. Kisha @0,1200. Kisha @-1200,0, na umalizie kwa c ili umbo lijifunge. Hiyo alama ya @ ndiyo inayowatoa jasho wanaoanza. Ina maana "kuanzia hapa nilipo". Ukiisahau, programu inahesabu kutoka sifuri ya mchoro. Uko kwenye 1200,0, unaandika 0,1200 bila @, mstari unakatiza dirisha kama ubao wa kushikizia. Na jambo lingine dogo: mkato unatenganisha namba mbili, kwa hiyo desimali ni nukta. 104,2 kwa LibreCAD ni pointi iliyo 104 kulia na 2 juu.

Fremu ni skwea paipu ya 25, kwa hiyo tumia zana ya mstari sambamba, umbali 25, kwa ndani. Nafasi ya ndani inabaki 1150. Tunataka nondo 9 za milimita 12 zilizosimama. Hapa ndipo grili nyingi za mtaani zinapoharibika, na kompyuta haina kosa. Fundi anagawa 1150 kwa 10, anapata 115, anaanza kupiga alama za katikati ya nondo. Matokeo yake nafasi za pembeni zinakuwa 109 na za katikati 103. Milimita sita ni ndogo, lakini jicho linaiona.

Hesabu sahihi inaondoa unene wa nondo kwanza. Nondo 9 mara 12 ni 108. 1150 toa 108 ni 1042. Gawa kwa nafasi 10, unapata 104.2. Kutoka nondo hadi nondo, katikati kwa katikati, ni 104.2 jumlisha 12, yaani 116.2. Basi nondo ya kwanza inaanza kwenye 129.2 (25 ya fremu jumlisha 104.2) ukihesabu kutoka ukingo wa nje wa fremu. Ichore hiyo moja, ichague, nenda kwenye zana ya kuhamisha na kunakili, weka nakala 8, umbali 116.2 kwenda kulia. Kisha pima nafasi ya mwisho. Ikisoma 104.2, endelea. Ikisoma tofauti, kuna namba umekosea kuandika.

Faida yake unaiona dukani. Nondo 9 za 1150 ni milimita 10,350. Nondo moja ya mita 12 inatosha, hata ukiweka milimita 3 za jiwe la kukatia kila mkato, na kipande kinabaki. Fremu ni vipande vinne vya 1200 vilivyokatwa pembe, jumla 4,800. Ila paipu ipime kabla hujalipa, maana kuna za mita 6 na kuna za mita 5.8.

Udhaifu wa LibreCAD ni faili za DWG, yaani aina ya faili ya AutoCAD. Inafungua DXF, aina nyingine ya faili za michoro, bila shida, lakini DWG za AutoCAD inazisoma kwa kubahatisha. Mchora ramani akikutumia DWG, mwombe akuhifadhie DXF, au tumia ODA File Converter, programu ya kubadili aina ya faili, ni ya bure.

Haya, FreeCAD. Hii ndiyo yenye nyama. Inachora umbo zima, lenye unene, na unaweza kubadili kipimo baadaye umbo likajirekebisha. Chukua toleo la 1.0 la Novemba 2024 au lililofuata, usihangaike na ya zamani. Lilipunguza sana ugonjwa wa miaka mingi ambapo ukibadili kitu mwanzoni, programu inapoteza hesabu ya nyuso na kila kitu kinavurugika. Kupakua ni mamia ya MB, kwa hiyo subiri bando la usiku. RAM ya GB 8 ndiyo yenye raha. Na tafuta mausi yenye gurudumu. Padi ya laptopu itakukatisha tamaa siku ya kwanza. Kama huna, pale chini kulia badilisha mtindo wa kuzungusha, kuna uliotengenezwa kwa ajili ya padi.

Zoezi letu ni pleti ya chini ya nguzo ya geti: 200 kwa 200, unene 10, tundu nne za milimita 14 kwa bolti za 12, katikati ya kila tundu ikiwa 40 kutoka kingo.

Ingia Part Design (sehemu ya kuunda maumbo), tengeneza Body (umbo lako), kisha Sketch (mchoro bapa) kwenye bapa la XY, yaani sakafu ya mchoro. Chukua mstatili unaoanzia katikati, bofya palepale kwenye sifuri ya mchoro, vuta. Weka kipimo 200 na 200. Mchoro ukifungwa sawasawa mistari yote inageuka kijani. Umeweka vipimo vyote viwili na bado si kijani? Hukubofya sifuri. Mstatili una ukubwa lakini hauna makao, ukiuvuta kwa mausi unatembea. Ufunge kwenye sifuri. Na usiweke kipimo cha upande wa pili "kwa uhakika zaidi", programu italalamika kwamba umerudia. Futa hicho cha mwisho. Funga mchoro, bofya Pad, zana ya kuupa mchoro unene, andika 10.

Kwa tundu, fungua mchoro mpya kwenye XY ileile, si juu ya uso wa pleti. Hata kwa toleo jipya ni tabia nzuri, maana bapa la XY halibadiliki kamwe. Duara moja, kipenyo 14, umbali 60 kutoka mhimili huu na 60 kutoka ule. Bofya Pocket, zana ya kutoboa, chagua Through all, yaani litobolewe hadi mwisho. Hapo wengi wanaona hakuna tundu. Sababu ni kwamba pleti iko juu ya XY, na Pocket kwa kawaida inakata kwenda chini, hewani. Weka tiki kwenye Reversed, ikate upande wa pili. Kisha Polar Pattern, zana ya kurudia kwa kuzunguka, mhimili Z, nyuzi 360, mara 4. Tundu zote nne zinajitokeza.

Sasa mteja anasema anataka 250. Ukibadili mstatili peke yake, tundu zinabaki pale zilipokuwa, na kingo zinakuwa 65 badala ya 40. Dawa yake: kile kipimo cha upana kwenye mchoro wa kwanza kipe jina, tuseme upana. Kwenye mchoro wa tundu, bofya alama ya f(x) kwenye sanduku la kipimo, andika Sketch.Constraints.upana / 2 - 40 mm, na ufanye hivyo kwa vile vipimo vyote viwili vya 60. Kwa 200 inatoa 60, kwa 250 inatoa 85. Hiki kitu kimoja, kwa maoni yangu, ndicho kinachofanya FreeCAD istahili usumbufu wake wote.

Umeme nao ni wa kukatika, kwa hiyo kwenye mapendeleo punguza dakika za kujihifadhi. Upande wa BIM wa kuchora nyumba upo, ila usianzie huko, ni mzito kwa mgeni.

Kuchapa: ingia TechDraw, sehemu ya kuandaa mchoro wa karatasi, weka karatasi ya A4, ingiza umbo lionekane kwa juu, Scale Type iwe Custom na Scale iwe 0.5, yaani nusu ya ukubwa halisi. Weka vipimo, toa PDF. Ukifika steshenari mwambie anayechapa achague ukubwa halisi wa ukurasa (100%), asiruhusu mashine ibane ukurasa. Kisha omba rula. Pleti ya 200 inapaswa kusoma milimita 100 kwenye karatasi. Ikisoma 96 au 97, ukurasa umebanwa, chapa tena. Na bado andika pembeni kwa herufi kubwa, FUATA NAMBA, USIPIME KARATASI, kwa sababu anayeshika grenda si lazima awe ndiye aliyekwenda steshenari.