Kusasisha cron kwenye Debian: ujibu N au Y?

Kama ulihariri /etc/crontab (faili la ratiba la cron, programu inayoendesha kazi zenyewe kwa wakati uliopangwa) na toleo jipya nalo limelibadilisha faili hilo, dpkg, programu inayosakinisha vifurushi kwenye Debian (mfumo endeshi wa Linux), husimama na kukuuliza kama iweke faili jipya: Y ni ndiyo, N ni hapana. Ukijibu N, faili lako linabaki lilivyo. Jipya linawekwa kando kama /etc/crontab.dpkg-dist. Ukijibu Y, mistari yako inahamia /etc/crontab.dpkg-old, ambako cron haisomi: kazi ya kunakili data usiku inakoma kimyakimya, bila ujumbe wowote wa hitilafu. Kwa seva inayotegemewa ni N, tena baada ya kubonyeza D kuona tofauti. Y inafaa tu ikiwa kazi zako ziko /etc/cron.d (jina lisiwe na nukta, kwa mfano faili liitwalo nakala.sh litarukwa). Kazi ulizoweka kwa amri ya crontab -e haziguswi kabisa.