Msumeno wa cc 55 na kazi ya "kuongeza nguvu": uzoefu wangu, Lamu

Ikiwa una msumeno wa moto wa wastani, cc 50 mpaka 60, na kuna mtu anakuahidi atakufungulia injini ipate nguvu za cc 70, soma kwanza haya. Wangu ni wa cc 55. Ulirudi kutoka kwa fundi ukilia kwa sauti nzuri ajabu. Tangi la pili haukulimaliza. Ulizimika katikati ya gogo la mwembe, na kamba ya kuwashia ikawa haivutiki.

Pistoni inauma, lakini jibu nililopewa na fundi liliuma zaidi: "Mashine yenyewe ilikuwa mbovu toka hapo, na wewe injini huzijui." Hivyo tu, mbele ya watu, bila hata kuinama kutazama ndani ya silinda.

Fundi mwenyewe ni wa mashine za boti, na kwa boti ni hodari, hilo silikatai. Lakini mashine ya boti inapozwa na maji. Msumeno hauna kitu ila upepo wa flaiwili, lile gurudumu la injini lenye mapanga ya feni. Kosa ambalo boti pengine ingelivumilia, hapa linayeyusha pistoni.

Alifungua sailensa, akapanua tundu la ekzosi, akatoa gasketi ya chini ya silinda. Kabureta hakuigusa. Hapo ndipo hasira yangu yote ilipo, kwa sababu dawa ilikuwa bisibisi ndogo na pengine nusu mzunguko wa skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli ya mbio za juu; ukiilegeza, petroli inaongezeka. Injini ikipumua zaidi inavuta hewa zaidi, na petroli lazima iongezwe ifuate ile hewa. Isipoongezwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na oili inayokuja pamoja na petroli nayo inapungua. Kwa masikio ya asiyejua, msumeno mkavu una mbio tamu sana. Ile sauti nyembamba inayopaa ndiyo sauti ya pistoni inayokufa.

Ushahidi uko wazi, wala hauhitaji mabishano. Pistoni iliyochanika upande wa ekzosi peke yake imekufa kwa joto. Iliyochanika kuzunguka pande zote ilikosa oili. Iliyosagika upande wa kabureta imekula vumbi, na hapo tazama chujio. Yangu ilichanika upande wa ekzosi, upande wa pili iling'aa kama mpya. Mashine mbovu toka hapo, kweli?

Tena kwetu pwani hatari ni maradufu. Misumeno mingi hutegeshwa Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ukiuteremsha Lamu hewa inakuwa nzito, na petroli iliyotosha kule haitoshi huku. Msumeno unafika ukiwa mkavu kidogo kabla hata haujaguswa. Ukishafika, legeza H kwanza, halafu ndiyo uulize kama nguvu hazitoshi.

Gasketi nayo. Wazo la kuitoa si la kijinga: silinda inashuka, pistoni inakaribia kichwa, mgandamizo unapanda. Lakini nafasi ile hupimwa. Chukua waya laini wa kulehemu (ule wa risasi au bati, si wa chuma) wa milimita 1.5, uingize kwa tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, usawa wa pini ya pistoni. Zungusha flaiwili kwa mkono pistoni ipite juu kabisa, toa waya, pima ncha iliyobanwa kwa kalipa, kisha rudia upande wa pili. Chini ya milimita 0.5 usithubutu. Waya ukionyesha 0.7 na gasketi ina unene wa 0.5, ukiitoa utabaki na 0.2, na kwenye mizunguko 13,000 kwa dakika, chuma kikiwa moto, hiyo 0.2 si nafasi tena. Silinda ikishuka, matundu nayo yanashuka: ekzosi inachelewa kufunguka, unapata msukumo wa chini na kupoteza mbio za juu. Anayejua hupima kwa sahani ya digrii kwenye krankishafti kabla ya kusaga chochote. Sikuona sahani, sikuona waya.

Tundu la ekzosi pia lina mpaka. Upana usizidi kama asilimia 65 ya kipenyo cha silinda, yaani milimita 30 hivi kwa silinda ya 46. Ukizidisha, ringi inachungulia tundu na kunasa. Kingo zisuguliwe zilainike. Zangu ziliachwa kali kama wembe.

Na mafuta! Tangi lilijazwa kutoka dumu la boti. Oili ya TC-W3 imetengenezewa injini za kupozwa kwa maji. Msumeno unataka oili ya injini za kupozwa kwa hewa, kama ile yenye alama ya JASO FD. Boti nyingine huenda kwa 100 kwa 1. Msumeno wa 50 kwa 1 unataka mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, zipimwe, si kwa kifuniko cha chupa.

Sasa niseme jambo ambalo nilipoanza kuandika sikutaka kulisema. Sailensa peke yake inafaa. Nimeshafunga silinda na pistoni mpya, gasketi imerudi mahali pake, na mdomo wa sailensa umepanuliwa mpaka kama robo tatu ya eneo la tundu la ekzosi. Wavu wa kuzuia cheche umebaki. Anayeutoa katika mji wenye mapaa ya makuti hajui anachokifanya. Injini ikishapata moto, H inalegezwa mpaka msumeno ukikimbia mtupu unabwabwaja kidogo, na ukiingia kwenye mti sauti inasafika. Ukisafika ukiwa mtupu, bado ni mkavu. Plagi ikitoka na rangi ya haluwa, sawa. Ikiwa nyeupe, simama. Nguvu iliyoongezeka unaisikia mkononi, na hakuna kilichosagwa ndani.

Ingawa hata hiyo, tuseme kweli, wengi wetu hatuihitaji. Tunalaumu injini huku cheni imekufa kwa mchanga na kwa mnazi, maana gamba la mnazi linamaliza makali upesi kuliko mti wowote ninaoujua. Cheni ya inchi 0.325 inataka tupa ya milimita 4.8, nyuzi 30, na vile vijino vya mbele vishushwe milimita 0.65 chini ya makali. Kwa kupasua mbao, nyuzi 10. Baa, ule upanga wa chuma unaobeba cheni, iwe ya inchi 18, si 24. Na kama kazi yako ni kupasua magogo ya mbambakofi kutwa nzima, nunua cc 70. Hakuna tupa wala bisibisi itakayoifanya 55 iwe 70.

Kwa hiyo inafaa? Sailensa, ndiyo, ukitegesha kabureta saa ileile. Matundu na gasketi, hapana. Au labda ndiyo, kwa mwenye kalipa, sahani na subira, maana nimeona msumeno uliofanywa hivyo kwa utulivu ukikata mvinje kama unakata muhogo, na siwezi kuukana. Lakini nikilikumbuka lile jibu moyo unanipanda upya, na kwa fundi yule hata nati ya kifuniko cha cheni siachi aifungue.