Saundtreki tulizosikiliza karibuni, ipi inasimama bila muvi yake

Niseme mapema tusije tukagombana huko mbele, mi albamu ya muziki wa filamu naihukumu kwa kitu kimoja tu: inasikilizika bila picha? Maana kuna muziki ukiwa ndani ya muvi unakutoa machozi kabisa, halafu ukiuweka peke yake kwenye hedifoni umebanwa kwenye mwendokasi ya Kimara unajiuliza hiki nini sasa, dakika ya nne na mtu bado anavuta noti moja ya fidla.

Na kiukweli sisi wa Dar hii miziki tunaidai. Wengi tumekulia vibanda umiza, muvi imetafsiriwa, watafsiri kina Lufufu wanaunguruma juu ya kila kitu mpaka farasi akipita tunaambiwa anawaza nini. Raha ilikuwepo sikatai, ila muziki wa nyuma ulimezwa wote, unausikia vipande vipande pale mtafsiri anapovuta pumzi. Kwa hiyo mtu mzima na familia yake ndo kwanza anagundua kumbe ile muvi anayoijua kwa kichwa ilikuwa na okestra nzima ndani. Ndo maana siku hizi Jumamosi tunakusanyika Sinza kwa jamaa mmoja mwenye spika za maana, tunaweka albamu mwanzo mwisho, hakuna kurusha traki, na mwenye neno asubiri traki iishe (hii sheria haijawahi kufuatwa).

Iliyotukalisha muda mrefu zaidi ni Black Panther ya 2018, na tuelewane, nasema muziki wa ndani ya muvi alioutunga Ludwig Göransson, sio ile albamu ya Kendrick Lamar ambayo ndo wengi wanayo kwenye simu. Huyu Mswidi alienda kwanza Senegal akazunguka na mwimbaji Baaba Maal kwenye ziara yake, akapita Afrika Kusini kwenye maktaba kubwa ya muziki wa Kiafrika kusikiliza rekodi za zamani, ndo akaja kuandika. Na unasikia kabisa kwamba alienda. Sauti ya Baaba Maal inaingia peke yake mwanzoni, inalia kwamba tembo amekufa, yaani mfalme kaondoka, na hata kama hujui lugha yenyewe nywele zinasimama.

Halafu inakuja tama. Hii ni ngoma ndogo unaibana kwapani, ukikaza mkono zile kamba za pembeni zinavutika sauti inapanda, ukiachia inashuka, kwa hiyo inaongea. Anaipiga Massamba Diop, na yale mapigo yake ni kama anaita jina la T'Challa, kila mfalme anapotokea unaisikia inamwita. Killmonger, adui wa T'Challa, yeye kapewa filimbi ya Wafula, mpigaji Amadou Ba anapuliza huku anapiga kelele ndani ya hiyo hiyo filimbi, inatoka sauti ya mtu mwenye hasira na kidonda kwa pamoja, chini yake zimewekwa besi nzito za hip hop kwa sababu jamaa ni mtoto wa Oakland. Kuna dada kwenye kikao chetu ni mwanakwaya, sauti ya pili, alirudisha hiyo traki mpaka mwenye nyumba akaanza kununa, anatuonesha pale filimbi inapoachia na vinanda vya nyuzi vinapokea ile ile tuni bila kushtuka. Mi nilikuwa sijawahi kuiona hiyo sehemu. Lawama yangu ni traki za mapigano huko katikati, matarumbeta kwa fujo, ungeziweka kwenye muvi yoyote ya Marvel hakuna ambae angeshtuka. Lakini Oscar ya 2019 aliyopewa, halali yake.

Na hapa nitoke nje ya mada kidogo. Mtu katoka Sweden kaja kutafuta ngoma Afrika, huku Bongo Muvi zetu nyingi ni kinanda kile kile cha huzuni, mtu anafua kinanda kinalia, mtu anapigiwa simu kinanda kinalia, mchumba hajaondoka bado kinanda kishaanza kulia! Wakati mwanamuziki wetu mzee Hukwe Zawose alishaipeleka ilimba ya Wagogo, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, mpaka Ulaya wakaipenda. Basi tuendelee.

Interstellar ya 2014, Hans Zimmer. Inasemwa sana na kwa mara moja wanaosema wako sahihi. Mwongozaji Christopher Nolan hakumwambia kama ni muvi ya anga, alimpa karatasi moja tu inaongelea mzazi na mtoto wake, akamwambia tunga, na ile roho ndo iliyobaki kwenye albamu nzima. Kinanda ni kile kikubwa cha kanisani cha mabomba, kilirekodiwa Temple Church, London, kapiga Roger Sayer. Yule dada wa kwaya akasema kinanda cha namna hii lazima kipumue maana ni upepo unapita kwenye mabomba, na ukishaambiwa hivyo basi huwezi tena kukisikia kama zamani, unakisikia kinavuta pumzi. Onyo tu: usiisikilizie spika ya simu. Zile noti za chini kabisa hazitoki, unapata mkwaruzo halafu unakuja kusema albamu mbaya.

Kuna traki inaitwa Mountains, ya ile sayari ya maji ambako saa moja ni miaka 7 duniani, ina sauti inagonga tik, tik. Mashabiki huwa wanasema inagonga kila baada ya sekunde 1.25 na kwamba kila ikigonga ni siku moja nzima imepita duniani. Nikachukua kikokotoo, miaka 7 ni siku kama 2,556, saa moja ina sekunde 3,600, inakuja kama sekunde 1.4 kwa siku. Haikai sawa, ila traki haijapungua utamu hata kidogo.

Oppenheimer, Göransson tena, Oscar ya 2024. Can You Hear the Music ni balaa, mwendo unabadilika mara 21 ndani ya traki fupi tu na fidla hazianguki, alikuwa anajaribu zile sauti na mkewe Serena ambae ni mpiga fidla. Ila albamu nzima ni ndefu, mi nilisinzia na sioni aibu.

The Lion King ukiitafuta kuwa makini. Albamu ya 1994 ina traki 12, nyimbo 5 za muvi, halafu tatu zimerudiwa na Elton John, muziki wenyewe wa Zimmer ni traki nne tu! Yaani kazi iliyompa Oscar yake ya kwanza, kazi aliyoiandika akimuwaza baba yake aliyefariki yeye akiwa mdogo wa miaka 6, wakampa theluthi ya meza. Tafuta toleo la 2014 la Legacy Collection, lina diski mbili na humo utamsikia Lebo M, mwimbaji wa Afrika Kusini, na waimbaji wake kwa nafasi, sio ule mstari wa Kizulu wa mwanzoni peke yake ambao kila mtoto wa Dar anaupiga kelele anavyojua yeye.

Dune ya 2021, Zimmer tena, ilitoka na albamu tatu, ndio, tatu, za muvi moja. Kuna sauti ya Loire Cotler inapasua humo, hiyo naikubali, lakini kwenye ile moja inayoitwa Sketchbook traki zinajivuta mpaka unasahau umeweka nini. Sehemu ya pili ya muvi ilitumia tena muziki wa mwanzo kwa wingi mpaka ikakosa sifa za kushindania Oscar. Mi ningesikiliza moja nikaenda kula. Mwenye spika haoni hivyo, na luku ni ya kwake, tukasikiliza zote.