Nimejaribu vile vikava vya "kurefusha maisha ya betri" kwenye vitu vya nyumbani, haya ndo niliyoyaona

Kwa wenye haraka jibu hili hapa: kinafanya kazi, ila sio ile kazi iliyoandikwa kwenye pakiti, na kwenye vitu vingi vya nyumbani kinakula betri badala ya kuiokoa. Wenye muda tuendelee.

Ninachoongelea ni kile kikava chembamba cha chuma unachokivisha kwenye betri ya AA, upande wa chanya kina sakiti ndogo sana, ukishakivisha unairudisha betri ndani ya kifaa kama kawaida. Stori yake iko hivi, eti betri mpya ina volti 1.5, ikishuka mpaka 1.35 hivi kifaa kinagoma, wewe unaitupa ikiwa bado na asilimia 80 ya nguvu zake, kwa hiyo hiki kikava kinaipandisha volti mpaka 1.5 na kuishikilia hapohapo hadi betri ikauke kabisa, na matokeo yake betri moja inafanya kazi ya betri nane. Mara nane jamani! Hiyo habari ya kupandisha volti yenyewe ni ya kweli, hata pawabenki ndo inavyofanya, ndani ina betri ya volti 3.7 na inakutolea 5 kwenye waya. Longolongo iko kwenye hiyo 1.35.

Kabla sijakivisha popote nilichukua mita ya kupima volti nikapima betri zote "zilizokufa" nilizokuwa nimezitupia kwenye droo. Za rimoti zilikuwa zinacheza kwenye 1.1, nyingine chini ya hapo kabisa, ya saa ya ukutani ndo usiseme. Sasa kumbuka betri hizi za alkalaini, yaani zile za kawaida zisizochajiwa, zinahesabiwa zimeisha zikifika kama 0.9 au 0.8, kwa hiyo rimoti ilikuwa imeshakula karibu chakula chote na kubakisha ukoko tu. Na kuna kitu ukiwa na mita lazima ukijue, betri ikitoka kwenye kifaa ikalala kidogo inajikusanya, unaipima inakuonyesha 1.3 unasema mbona nzima hii, ifunge rezista (kile kidude cha kuzuia mkondo) au kabalbu kadogo, yaani ipe mzigo wa kuvuta umeme, uone inavyoporomoka, pima hapo ndo ujue ukweli. Anayekuonyesha betri ya 1.3 bila mzigo wowote halafu anakwambia imejaa nguvu, huyo anakupiga changa la macho.

Haya, tochi. Nilikuwa nazo mbili za LED zinazofanana, betri za pakiti moja, moja nikaivisha vikava nyingine nikaiacha hivohivo, nikaziwasha pamoja. Mwanzo ile yenye vikava ilipendeza kweli sikatai, mwanga uleule haupungui, mwenzake unaona kabisa inaanza kufifia, nikasema ebana labda hawa watu wanasema kweli. Kisha ghafla ile yenye vikava ikazima. Haikufifia, haikupepesa, ilizima tu puu, na ile nyingine iliendelea kutoa mwanga wake wa njano njano kwa muda mrefu sana, mwanga ambao kusoma huwezi ila mlango unauona. Sababu yake haina uchawi: kupandisha volti kunagharimu, ukitaka 1.5 kutoka kwenye betri iliyobaki na 1.1 lazima uivute mkondo mkubwa zaidi, na alkalaini kadiri unavyoivuta kwa nguvu ndo inavyokutolea kidogo kwa jumla, halafu na sakiti yenyewe inapoteza sehemu kama joto.

Saa ya ukutani sikusubiri iishe maana betri moja inaweza kuipeleka mwaka na zaidi. Nilichofanya ni kupima kikava peke yake kikiwa kwenye betri, hakijaunganishwa na kifaa chochote, kinavuta mkondo kiasi gani. Kinavuta! Kidogo lakini saa nayo inavuta kidogo, zikawa karibu sawa, yaani umeweka mlaji wa pili mezani ambaye hafanyi kazi yoyote. Rimoti ni hivohivo, mara nyingi imelala tu kwenye kochi, ila kikava hakilali.

Mausi isiyo na waya ndo imenichekesha, kwa sababu nyingi za betri moja tayari zina sakiti ya kupandisha volti ndani kwa ndani, zimetengenezwa kuinyonya betri mpaka chini huko. Kwa hiyo hapo unapandisha kilichokuwa kinapandishwa.

Redio ndogo je? Kwenye FM sikusikia tofauti, nikahamia AM, wee, mluzi na mkwaruzo kila stesheni, nikatoa vikava ikatulia, nikavirudisha ikaanza tena. Sakiti za aina hii zinawasha na kuzima mkondo maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde na AM inazidaka zote. Hili kwenye pakiti halipo.

Nisiwe mchoyo, kuna sehemu kimesaidia. Nina kamera ya zamani ya betri mbili, hiyo inadeka, ikiona volti zimeshuka kidogo tu inafunga lenzi na kuandika badilisha betri wakati betri hizohizo ukizipeleka kwenye rimoti zinadunda. Kwa vikava iliwaka tena na nikapiga picha kadhaa za ziada, mradi fleshi umeizima, ukiiwasha fleshi inavuta mkondo mkubwa ghafla na kamera inakata hapohapo. Kipima presha nacho kikiwa na vikava hakikufua dafu, kilianza kujaza upepo kwenye mkono kikafia katikati.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni alama ya betri. Kifaa kinaangalia volti ndo kijue betri imebaki kiasi gani, sasa wewe umekiwekea 1.5 ya kudumu, kitakuonyesha imejaa mpaka sekunde ya mwisho. Kwa kamera ni usumbufu tu. Kwa king'ora cha moshi usithubutu, kile kilio chake cha "betri inaisha" ndo kinachokuambia ubadilishe betri kabla hakijalala, ukikivisha hiki kitu kinaweza kukata kimyakimya na wewe umelala.

Betri za kuchaji nazo wanasema zinafaa. Mi naona ndo mbaya zaidi, zile za NiMH zina volti 1.2, hazipendi kukaushwa, na zikiwa kadhaa kwenye mstari mmoja ile dhaifu ikiisha kwanza wenzake wanaigeuza chanya na hasi, hapo umeiharibu. Na alkalaini iliyokaushwa hadi tone la mwisho ikasahaulika ndani ya kifaa ndo mteja mzuri wa kuvuja, ule unga mweupe kwenye springi, ukiuona usishike kwa mkono mtupu, pamba yenye siki inausafisha.

Ah na vinabana. Kwenye tochi ya bomba betri iliingia kwa kusukumwa na kutoka kwake ilikuwa ni kugonga kitako mezani.

Ukitaka kuikamua betri bila kununua chochote, kifaa kinachodeka kikiikataa ihamishie kwenye rimoti, rimoti ikichoka jaribu saa ya ukutani. Kwa vitu vya kila siku kama mausi na tochi chukua za kuchaji, zile zisizopoteza chaji zikikaa. Vikava nimevipa nyota mbili kati ya tano, moja ya kamera na nyingine kwa sababu tochi iliwaka vizuri kabla haijazima.