Kompyuta ya akili unde: faida iko kwenye kumbukumbu
Duka nilikonunua kipakatalishi changu, lililoko Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, linauza vipakatalishi vya Copilot+, aina ambayo Microsoft iliitangaza Mei 2024 kwa sharti kwamba kila kimoja kiwe na kumbukumbu ya kazi (RAM) ya angalau gigabaiti 16 na chipu ya akili unde yenye uwezo wa angalau operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Kumbukumbu hiyo nimeifurahia, kwani majedwali ya hesabu za chama chetu hufunguka bila kukwama. Chipu, hata hivyo, sijaona inanisaidia nini: ChatGPT, programu ya akili unde ya kujibu maswali ambayo muuzaji aliisifu kwa bashasha kubwa, huendeshwa kwenye seva za mbali, si kwenye chipu hiyo, na intaneti ikikatika haijibu chochote. Wahudumu ni waungwana. Bei sikuiridhia, na mtu wa barua na hesabu atahudumiwa vyema na mashine ya kawaida yenye gigabaiti hizohizo.