Lenzi ya Kupigia Picha Ndege wa Ufukweni: Ipi Inunuliwe Kwanza

Kitwitwi mdogo anapodonoa tope kwenye maji ya kina kifupi, jicho lake halifiki shibiri moja juu ya maji, na picha inayomtendea haki hupigwa kutoka usawa huo huo. Kwa hiyo anayenunua lenzi kwa kazi hii asianze kuuliza inavuta kutoka umbali gani, bali kama ataweza kuitumia akiwa amelala kifudifudi kwenye tope kwa saa nzima. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyozipanga.

Nafasi ya kwanza naipa zumu (lenzi inayobadilisha mvuto) ya milimita 200-600 ya Sony (milimita zikizidi, lenzi huvuta karibu zaidi), pamoja na ile ya 180-600 ya Nikon. Kila moja ina uzito wa takriban kilo 2, na bomba lake halirefuki unapovuta picha karibu, hivyo uzito hauhamii mbele lenzi ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa maharagwe, wala mchanga haupati bomba linalotoka na kuingia. Zaidi ya hayo, ndege aliyekuwa mbali hufuata ukingo wa maji akila hadi akawa mita chache mbele yako, mradi hujatikisika, na hapo milimita 200 ndizo zinazookoa picha. Mdomo wake huchovya na kutoka upesi mno; kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupiga picha, isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, na ukitaka matone yagande angani, 1/2000 ni bora.

Ya pili ni zumu nyepesi: 100-500 ya Canon, au 100-400 yoyote nzuri ikifungwa kwenye kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea picha) kidogo, ambapo milimita 400 huonyesha eneo lile lile ambalo 600 ingelionyesha kwenye kihisi kikubwa. Anayetembea mwendo mrefu kufuata maji yanayokupwa ataishukuru.

Lenzi za milimita 600 zenye tundu la f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi hupita) naziweka ya tatu, ingawa najua wengi watapinga. Hakuna zinazozishinda kwa kulainisha mandhari ya nyuma na kukusanya mwanga wa alfajiri. Hata hivyo, bei yake ni kubwa sana, nyingi zina kilo 3 au zaidi, na ndege akisogea karibu huna namna ya kupunguza mvuto isipokuwa kurudi nyuma, jambo litakalomfanya aruke.

Za mwisho ni 600 na 800 za Canon zenye tundu lisilobadilika la f/11. Ni nyepesi na nafuu, lakini hupitisha robo tu ya mwanga unaopita kwenye f/5.6, nawe utauhitaji wote jua likiwa chini. Kiongezeo cha mara 2, kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kuongeza mvuto, huleta hasara hiyo hiyo.

Jua likishapanda, hewa juu ya tope lenye unyevu huchezacheza kwa joto na kuharibu ukali wa picha, na hakuna lenzi inayotibu hilo isipokuwa kuwa karibu na ndege. Kumkaribia huko ni kwa kulala chini, ndiyo maana fedha itakayobaki ningeitumia kununua kamera yenye skrini ya nyuma inayokunjuka, ili shingo isiumie ukiwa chini. Hakikisha pia kiungo cha lenzi, pale inapofungwa kwenye kamera, kina mpira wa kuzuia maji, na uifute chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi kabla hujaizungusha zumu tena.