Uzoefu wangu: vitabu vya herufi kwa saa ya hadithi maktaba, vipi vinafaa na vipi vinabaki kabatini

Wapenzi wa vitabu vya watoto habari zenu. Mi nasaidia saa ya hadithi kwenye maktaba ndogo ya mtaa huku Dar, Jumamosi asubuhi, watoto ni wa chekechea mpaka darasa la pili, na tumekuwa tukienda na herufi, kila wiki na herufi yake. Vitabu vingi tulivyotumia vimekuja kwenye maboksi ya msaada, vichache tumenunua, sa hii ni maoni yangu tu ya vile ambavyo nimevisoma mbele ya watoto, sio vya kuangalia jalada dukani.

Nianze na Chicka Chicka Boom Boom, kitabu cha mwaka 1989, hiki nakipa nyota zote. Herufi ndogo zinashindana kupanda mnazi, zinajaa, mnazi unapinda, zote chini! Na hapo ndo utamu ulipo maana kila herufi imeumia kivyake, D kachubuka goti, E kajigonga kidole cha mguu, J na K wanakaribia kulia, afu herufi kubwa zinakuja mbio kuwabembeleza kama wazazi na wajomba na mashangazi. Yani tofauti ya herufi kubwa na ndogo watoto wanaipata bila mtu kuwahubiria. Maandishi ni ya Kiingereza na ule mdundo ukiutafsiri unakufa, kwahiyo mi kile kiitikio nakiacha kilivyo watoto wanaitikia kwa makofi, kisa chenyewe nakisimulia kwa Kiswahili. Mnazi wanaujua vizuri mno, kuna mmoja akauliza mkwezi yuko wapi. Baada ya hapo tunachora mnazi kwenye boksi la friji, kila mtoto anapandisha herufi ya jina lake kwa selotepu, hapo jiandae na kina M maana utakuwa na Mariam, Musa, Mwajuma, Mudi, mnazi wote unaelemea upande mmoja.

Eating the Alphabet cha Lois Ehlert (ndo huyohuyo aliyechora picha za hicho cha mnazi) kina matunda na mboga kubwa za rangi kali, hata mtoto aliyekaa mwisho wa mkeka anaona. Kwa picha sina neno. Ila majina ni ya Kiingereza, na kwenye X kuna xigua, ukiangalia kumbe ni tikiti maji! U ni ugli, tunda ambalo mi mwenyewe sijawahi kuliona sokoni. Kwahiyo nakitumia kama kitabu cha picha tu, nafungua, naonyesha, wanataja kwa Kiswahili, afu tunauliza linaanza na herufi gani. Kusoma mwanzo mwisho usijaribu, ukifika G wameshaanza kuvutana nguo.

Jambo Means Hello cha Muriel Feelings, picha za Tom Feelings, cha 1974, kilipata heshima ya Caldecott (tuzo ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto) mwaka uliofuata. Hiki ni cha herufi za Kiswahili, ziko 24, Q na X hazimo. Michoro ni mizuri sana lakini haina rangi zile za kuvutia macho, ni kijivukijivu tu, na maelezo ni ya Kiingereza, wadogo wanachoka haraka. Mi nakipeleka kwa wakubwa wa juu ya miaka 8 au nakaa na mtoto mmoja mmoja. Halafu hilo la Q na X ni sahihi kabisa kwenye lugha, ila darasani nina Queen na nina Xavery, we jaribu kumwambia Queen herufi yake haipo uone. Tukazikata na zenyewe tukabandika.

Sasa vile vya bei chee vya Kiswahili vinavyouzwa barabarani, sitaji jina la mchapishaji, lakini jamani mnachagua maneno vipi? Kimoja N kaweka ng'ombe, S kaweka shule, G kaweka ghorofa, D kaweka dhahabu. Mtoto ndo kwanza anajifunza sauti ya N unampa ng'! Wakati nanasi lipo, samaki yupo, gari lipo, dafu lipo. Siku hizi hicho ndo kitu cha kwanza naangalia kabla ya kutoa hela, nafungua N, S, G, D, zikiwa hivyo narudisha. Cha pili nakishika kitabu mbali, picha isipoonekana kwa hatua kama tano hakifai kwa kundi, hata kiwe kizuri vipi.

Kilichotuokoa ni African Storybook, ni bure mtandaoni, hadithi za Kiswahili zimo na unaruhusiwa kupakua, kuchapa, hata kubadilisha maneno. Sio vyote vizuri, kuna tafsiri nyingine zinasoma kama tangazo la serikali, pitia kwanza mwenyewe. Mi nachagua hadithi fupi yenye mnyama mmoja, wiki ya K hadithi ya kuku, wiki ya S ya samaki, nachapa saizi ya A3 steshenari ya jirani, na watoto wananyanyua mkono kila wakisikia ile sauti. Hadithi inawashika kuliko orodha ya A mpaka Z.

Anayejua kitabu cha herufi cha Kiswahili kikubwa, cha rangi, chenye N ya nanasi, aniambie duka na bei.